Kamati ya Kasi ya Kumbukumbu

Wananchi wote wafahamishwe kwamba Idara ya Uratibu wa Makarasha, hapa Kambarage, Shinyanga, imetoka rasmi katika zama za kusubiri na kuingia katika zama za mwendo. Naandika nikiwa Katibu wa Kamati ya Kasi ya Kumbukumbu, wadhifa nilioupokea kwa unyenyekevu pamoja na kiti cha kuzunguka.

Chanzo kilikuwa malalamiko. Kila mwenye karasha, ule mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, lazima apate kibali chetu, na vibali vilikuwa vinachelewa. Limi wa Masumbwe, tunayemwita Mama Ndaki, alichakaza viatu vyake kwenye korido yetu. Karasha lake lilikuwa limefungwa kwa kukosa kibali, na wachimbaji walishaanza kuhamishia viroba vyao vya mawe kwa jirani.

"Shikamoo, baba," alimwambia Mkurugenzi wetu, Bwana Magesa. "Kibali changu kimekwama wapi?"

"Marahaba. Kipo kwenye mfumo, Mama Ndaki. Tatizo ni seva, inajikokota."

Ndipo Mkurugenzi akaagiza seva mpya, na akaunda kamati ya kuchagua kasi ya kumbukumbu zake, yaani RAM. Tulianza na ziara ya mafunzo Samuye, tukaangalia ng'ombe wakirudi kutoka malishoni. Ziara ilithibitisha kwamba kasi ni jambo jema.

Kwenye kikao, mhandisi wetu Zakia alieleza kwamba prosesa tuliyoagiza, yaani ubongo wa seva, mwisho wake ni kasi ya elfu nne na mia nane. "Tukiweka RAM ya elfu sita na mia nne, itashuka yenyewe hadi kasi hiyo. Afadhali tuchukue ya kasi inayolingana na prosesa, ila tuongeze ukubwa."

"Itashuka kwa ruhusa ya nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Ya prosesa, mheshimiwa."

"Prosesa ina cheo gani?"

Swali zito. Nililiingiza kwenye muhtasari. Mjumbe Akida, wa kitengo cha magari, yeye alitaka kujua kama kwa kasi hiyo trafiki hawatatupiga tochi. Baada ya mjadala wa kina na soda, kamati iliazimia kwa kauli moja kununua kumbukumbu zenye kasi kuliko zote.

Seva mpya ilipowekwa, Zakia alituonyesha kwenye skrini: elfu nne na mia nane. Mkurugenzi akaniamuru niiandikie prosesa barua ya kujieleza. Niliibandika ubavuni mwa seva. Hadi leo haijajibu, jambo linaloonyesha utovu wa nidhamu.

Lakini hata kwa kasi hiyo ya uasi, seva ilichapa kazi. Ile ya zamani ilikuwa ikizimika kabla ya kufikia hatua ya kuwajulisha waombaji. Hii iliyapitia maombi yote chai ikiwa bado ya moto. Kisha, kama mfumo ulivyopangwa tangu mwanzo, ikamtumia kila mwombaji ujumbe wa simu: "Ombi lako limekamilika. Lipo mezani kwa Mkurugenzi, linasubiri saini." Chini yake ikaweka tarehe lilipofika mezani.

Asubuhi iliyofuata korido ilijaa hadi getini. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mama Ndaki, simu mkononi.

"Baba, huku imeandikwa kibali changu kipo kwako tangu msimu wa kuvuna pamba."

"Nilikuwa nakipitia kwa umakini, mama."

"Haya, kipitie. Mimi nakaa."

Akatandika kanga juu ya zulia la Mkurugenzi, akakaa. Walio nyuma yake wakaanza kuvua viatu. Bwana Magesa akatafuta kalamu.

"Wabeja sana, baba," alishukuru Mama Ndaki kwa Kisukuma alipopokea kibali, akatoka mbio kuwahi basi. Jioni alinipigia simu kushukuru. Sikumsikia vizuri, karasha lilikuwa linanguruma.

Mkurugenzi alisaini mpaka vidole vikavimba. Mtu wa mwisho alipotoka, alinivuta pembeni, akaangalia mlango, akanong'ona:

"Katibu, hivi madukani hakuna RAM za polepole?"

Swali nimeliwasilisha kwa Zakia kwa maandishi. Mpaka sasa anacheka tu, na kicheko si jibu la kiofisi.