Profesa wa Lafudhi na Gia Boksi

Siku tangazo lile lilipobandikwa ukutani, sisi waigizaji wa Accra tuligundua kwamba hatujui kusema. Bi Serwaa Boatemaa, mtengeneza filamu kutoka Kumasi, alikuwa anatafuta mtu wa kuigiza chifu wa Kiasante wa zamani, na alikuwa amechoshwa na sisi watu wa pwani tunaozungumza Kitwi kama tunagombania bei ya nyanya. Sharti lake lilikuwa moja: kila anayekuja kujaribiwa aje na mwalimu wake wa sauti na lafudhi. Asiye na mwalimu asisumbue walinzi. Tukatazamana. Mwalimu wa lafudhi anauzwa soko gani?

Fiifi Abaidoo alilisoma tangazo akiwa nyuma yetu, mdomo umejaa kenkey, ugali wetu wa mahindi uliochachuka. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti kwenye mazishi, na sauti aliyojaliwa iliweza kuwaliza hata waliokuwa wanamdai marehemu. Lakini gari lake lilikuwa limekufa gia boksi, limelala chini ya mwarobaini kule Kaneshie, na mazishi ya mbali, yale yenye nyama, yalikuwa yanakwenda kwa mpinzani wake mwenye pikipiki. Bila gari, Fiifi angebaki kuzika majirani tu, na majirani walikuwa na afya njema.

Kesho yake kibao kikaning'inia mlangoni kwake: PROFESA ABAIDOO, DAKTARI WA ULIMI, LAFUDHI ZOTE. Profesa mwenyewe alikuwa Mfante wa Cape Coast, na Kitwi cha ikulu alikisikia redioni tu, tena wakati wa kunyoa. Tulilijua hilo. Tulikwenda hata hivyo, kwa sababu mfa maji hukamata maji. Tukakaa mkekani na kokwa za mchikichi chini ya ndimi zetu, tukazungumza ndani ya chungu kitupu ili sauti, kwa maneno ya Profesa, ikumbuke ilikotoka. Mimi niliambiwa koo langu ni la mtu wa kubeba mizigo. Nikashukuru, nikarudi kesho yake na chungu changu mwenyewe.

Ndipo alipokuja Nii Laryea, pande la mtu kutoka Bukom, muuza spea za magari wa Abossey Okai. Hajawahi kuigiza popote, isipokuwa pale mteja anapouliza kama kifaa ni kipya. Akaketi, kiti kikalalamika.

"Profesa, mimi Mga, si Mwasante. Kitwi changu ni cha kuuzia bampa. Utaniweza?"

"Bosi, nimeshanyoosha ndimi zilizopinda kuliko wako. Ila lafudhi ya chifu si ya bei ya jumla."

"Pesa zangu zote ziko kwenye mzigo," alisema Nii Laryea, akichungulia nje. "Lakini naona gari lako linaumwa. Gia boksi yake ninayo."

Moyo wa Fiifi uliruka kama panzi, uso ukabaki wa mazishini. Akadai ifungwe kabla ya jaribio, si baada. Nii Laryea akaapa kwa watoto wake kwamba anaonewa, akanung'unika kidogo, kisha akakubali. Alikubali upesi mno kwa mtu wa Abossey Okai, na hapo mwenye akili angejiuliza. Fiifi alikuwa anajaribu honi.

Sasa ikabaki kufundisha asichokijua, na hapo ndipo ujanja wake ulipong'aa. Kila mtu kwetu anajua kwamba chifu hawahutubii watu kwa mdomo wake. Humnong'oneza msemaji wake, na msemaji, fimbo mkononi, huyatoa maneno yakiwa yamepigwa pasi. Kwa hiyo Nii Laryea hakuhitaji lafudhi yoyote. Alihitaji kuketi. Profesa akamwambia kwamba somo la juu kabisa la sauti ni kunyamaza, na kwamba yeye mwenyewe atajitolea kuwa msemaji. Anong'one chochote, hata majina ya spea.

Jaribio lilifanyika katika ua wa Nana Opoku, chifu mzee wa Kiasante anayeishi Accra, aliyemwazima Bi Serwaa uwanja na viti vyake vya enzi. Kabla ya kuanza, mzee alimimina kinywaji chini, akawaita mababu kwa majina, akawaeleza kilichowaleta watu. Sisi tukainamisha vichwa. Fiifi, gari lake lililopona likiwa limeegeshwa ndani ya geti, alikuwa anafuta vumbi kwenye fimbo ya dhahabu aliyoiazima kwa wanakwaya.

Nii Laryea akaketi na vazi lake la kente, uso umetulia kama ukuta. Akainama sikioni mwa Fiifi. "Shokapu ya mbele, kushoto."

"Chifu anasema," Fiifi akanguruma, "mto haujivuni mbele ya mvua iliyouzaa."

Ua ukaguna kwa raha. Akanong'ona kuhusu fenibelti, ikatoka methali ya tembo na njia yake. Akataja plagi, mama mmoja akajifuta machozi. Bi Serwaa alikuwa amefumba macho, ingawa kila Kifante kilipochungulia alikunja paji kama mtu aliyetafuna mchanga.

Mwisho akapiga magoti mwigizaji mmoja, mjumbe wa chifu jirani. Akaeleza kwamba mama wa chifu wake amefariki, na kwamba wanaomba ugomvi wa zamani usamehewe. Fiifi akatega sikio. Nii Laryea hakuinama. Alimtazama mjumbe, akasema kwa sauti ya dukani, "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Nana Opoku akasimama taratibu, akauliza ni nani amewatukana wafiwa mbele ya kiti cha enzi.

"Ni yeye, Nana," Fiifi akasema. "Wote wamemsikia."

"Mimi sijamsikia chifu. Chifu hasemi. Neno baya likitoka, limetoka kwako. Hakuna chifu mbaya. Kuna msemaji mbaya."

Faini ikatajwa palepale: kondoo na chupa mbili za schnapps, pombe kali ya kuwamiminia mababu.

"Nana, lakini hii ni filamu."

"Kamera ndizo za filamu," mzee akasema. "Mababu niliowaita si wa filamu. Funga geti, gari la msemaji libaki mpaka kondoo afike."

Bi Serwaa alikuwa anacheka mpaka kilemba kimemdondoka. Akasema amezunguka nchi nzima akitafuta chifu anayeweza kutukana bila kutikisa shavu, na leo amempata. Nii Laryea akapewa nafasi. Kisha Bi Serwaa akamgeukia Fiifi. Alimwambia sauti yake ni ya kuamsha wafu, na nafasi ya msemaji ni yake pia, ila kwanza Kifante kitoke. "Tafuta mwalimu wa lafudhi," akamalizia. Sisi wenye kokwa tulicheka hadi tukakumbuka tumejifunzia wapi.

Kondoo alitoka kwa mchinjaji, rafiki wa Nii Laryea. Malipo yalikuwa gia boksi ileile ya Fiifi. Chifu mpya alivua kente, akajilaza chini ya gari na spana, akawa anafungua nati huku akizungumza Kitwi. Si Kitwi cha bampa. Kilitiririka laini, cha ikulu, na Fiifi, aliyechuchumaa kando ya tairi, alikifuata kwa taabu. Kumbe mke wa Nii Laryea ni wa Mampong, kule kwa Waasante. Baba mkwe alikuwa msemaji wa chifu mpaka alipokufa, na Nii Laryea ndiye aliyembebea fimbo kwenye kila kesi na kila faini iliyomwangukia.

"Kumbe unajua!" Fiifi akasema. "Mimi ulinitakia nini?"

"Tangazo lilitaka kila mtu aje na mwalimu," sauti ikajibu kutoka chini. "Halikusema mwalimu awe anajua."

Jibu hilo lilimwingia Fiifi. Iliuma. Aliyaona mazishi ya mbali yakiondoka na pikipiki, kisha akaiona ile nafasi ya msemaji, kazi ya kwanza maishani iliyoitaka sauti yake bila maiti. Akapiga hesabu ya walimu wa lafudhi wote wa Accra, na hesabu ikaishia kwenye miguu miwili iliyochomoza chini ya gari.

"Bosi," akasema polepole, "wewe unafundisha?"

Nii Laryea akajitoa chini ya gari, akajifuta mikono, akalitazama gari kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Nafundisha," akasema, akiipigapiga tairi ya mbele. "Hizi umezinunua lini?"