Upepo wa Kudumu wa Makasi

Redio ilipotoa habari ile, Makasi kinyozi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha Katibu. Upande wa kushoto umeshang'aa, wa kulia bado kichaka. Mashine ikasimama hewani.

"...na wakaguzi wa mpango wa ruzuku ya umeme safi," msomaji aliendelea, "wanaanza leo kuwatembelea waombaji bila taarifa."

"Leo?" Makasi akasema. "Leo hii hii?"

Kwenye benchi la nje, Moshi, yule muuza mkaa, alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. "Umeumbuka, ndugu yangu!"

"Acha kiherehere," Katibu akamjibu kutoka kwenye kiti cha kunyolewa. Alikuwa karani mstaafu, na ndiye aliyemjazia Makasi fomu ya kuomba ruzuku hiyo, kwa hiyo aliona serikali nzima ni shemeji yake.

"Hebu nieleweshe, Katibu," Moshi akasema. "Serikali inatuuzia umeme kwa bei moja. Wewe ukizalisha wako wa upepo, inaununua kwa bei mara tatu?"

"Naam."

"Inanunua ghali, inauza rahisi."

"Naam."

"Nikiuza mkaa hivyo, wake zangu wote wawili wataniitia kikao."

"Ukifanya wewe ni ujinga. Ikifanya serikali ni sera."

"Na hiyo ruzuku inatoka wapi?"

"Ni hela yako mwenyewe. Wanaichukua bila kukuuliza, halafu unaiomba kwa fomu ya kurasa kumi na nne."

Makasi hakucheka. Roho yake ilikuwa juu. Wiki tatu nyuma, mkewe, Mama Pacha, alipokwenda kumuuguza mama yake, Makasi aliuza friji yake, ile ile ya juisi na barafu iliyokuwa inawalisha, akanunua mtambo wa upepo na kuufunga juu ya paa la duka lake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kama ya mlevi: serikali italipa haraka, atanunua friji ya milango miwili, mke atarudi na kulia kwa furaha. Sasa mke alikuwa anarudi leo, saa sita mchana, na mtambo haujazunguka hata mara moja. Mtaa wenyewe umebanwa na maghorofa pande zote, hata moshi wa jiko unapanda wima.

"Katibu, ukurasa wa tisa tuliandika nini?"

"Waliuliza kama upepo wako ni wa kudumu au wa msimu. Tukaandika wa kudumu."

"Na pale pa umiliki?"

"Wewe na ndugu zako wa damu."

"Upepo wa urithi!" Moshi akapiga paja. "Marehemu baba yake alimwachia, ila hajaonyeshwa mpaka!"

"Moshi, nyumbani una feni?" Makasi akauliza.

"Ninayo. Kwa nini?"

Makasi aliangalia juu ya paa, akaangalia kibaraza cha ghorofani kwa jirani yake, fundi cherehani, kilichotazamana na mtambo. Katibu akafuata macho yake, akaruka kitini na shuka la kinyozi bado shingoni.

"Umeme tunanunua kwa moja," akasema akihesabu kwa vidole. "Unaendesha feni. Feni zinaendesha mtambo. Umeme wa mtambo tunauza kwa tatu. Jamani! Mbona nchi hii ina maskini?"

Saa nne na nusu feni tano zilikuwa zimepangwa kibarazani, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Zote zilikula umeme wa Makasi kwa waya mmoja mrefu. Moshi, adui wa umeme safi tangu mpango utangazwe, ndiye aliyepewa kuzisimamia, akaahidiwa kunyolewa bure mpaka aote mvi.

Mkaguzi alifika akiwa na jalada kwapani na kipima upepo mkononi. Alikuwa dada mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimwangalia Katibu na kichwa chake cha nusu, akaamua kutouliza.

"Mwenye upepo ni nani?"

"Mimi, mheshimiwa," Makasi akasema. "Karibu sana."

Dada akainua macho. Mtambo ulikuwa unazunguka kwa heshima zote, na mashuka ya jirani yakipepea.

"Unavuma kutoka kwenye kile kibaraza?"

"Ndivyo ulivyozoea, mheshimiwa."

"Saa zote?"

"Hata sikukuu."

Akaandika. Hapo hapo redio ikakata. Cherehani ya jirani ikanyamaza, mashine ya Makasi ikazima mezani, na juu ya paa panga za mtambo zikaanza kuzunguka polepole, polepole, zikasimama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Jasho likamshuka Makasi mpaka kwenye soksi.

"Upepo umeenda wapi?" mkaguzi akauliza.

"Umekatika, mheshimiwa," Katibu akadakia. "Huku kwetu upepo una mgao."

Kabla dada hajafungua mdomo, umeme ukarudi. Feni tano zikaamka kwa pamoja, mashuka yakachomoka kambani na kwenda zake, na Moshi akaonekana wazi kibarazani, feni moja kaikumbatia kifuani, nyingine kaikalia. Akapunga mkono.

"Habari za kazi, dada!"

Makasi alitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi aliangalia feni, akaangalia waya, akaufuata kwa macho mpaka ndani ya duka. Kisha akagonga muhuri kwenye nakala ya fomu, akamkabidhi Makasi.

"Umepita," akasema. "Hongera."

"Nimepita?"

"Fomu inauliza kama panga zinazunguka. Zimezunguka. Haiulizi nani anazizungusha." Akafunga jalada. "Na upepo wako unawaka na kuzima pamoja na umeme wetu. Mafundi wetu watafurahi, miaka yote wanatafuta upepo wa namna hii. Malipo yataanza baada ya miezi kumi na minane."

"Miezi mingapi?" ikauliza sauti nyuma yao.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na begi kichwani. Nyumbani alikuwa ameshapita. Mkononi alikuwa na kile kitambaa kilichokuwa kinafunika friji.

Katibu akakumbuka ana dawa jikoni. Moshi akajifungia ghorofani kwa fundi cherehani. Mkaguzi alimpa Mama Pacha shikamoo ya haraka akashika njia. Makasi akabaki peke yake na mtambo wake unaozunguka.

"Mke wangu, tumepita," akasema kwa sauti ndogo. "Friji mpya inakuja. Ni suala la kusubiri tu."

Mama Pacha alitua begi, akapandisha macho mpaka kwenye paa, akayashusha mpaka kwenye muhuri.

"Vizuri sana, Baba Pacha," akasema. "Na mimi chakula chako nimekipitisha. Utaanza kula baada ya miezi kumi na minane."