Kuifukizia Hita Ubani

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi. Misugusugu nzima imejitanda mashuka. Nimetoka Maneromango wiki iliyopita na mzigo wangu wa kuni, kuja kwa mwanangu Latifu. Mkewe, Faudhia, kajifungua mtoto wa kike. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, na wa kumkanda ni mimi. Nimewakanda wake za watu wengi mno, na wote wanatembea wima mpaka leo.

Nafika, naona nini? Maji ya moto yanatoka ukutani! Mkwe mwenzangu Bi Mboni, mama yake Faudhia, yule wa Sofu anayevaa miwani hata akila, kawaletea hita ya gesi. Imefungwa kwenye kistoo nyuma ya bafu. Mtungi chini, mpira umening'inia kutoka mtungini hadi kwenye hita. Bi Mboni akaniambia sasa nipumzike, nikichoka kukaa bure niseme tu, watanikatia tiketi. Tiketi! Mimi kifurushi?

Kuni zangu zipo uani kama binti aliyeposwa akaachwa.

Jambo moja zuri. Kule kistooni kuna joto. Nepi za mjukuu hazikauki nje, nimezianika kwenye ule mpira wa gesi. Zinakauka vizuri. Angalau kitu cha Bi Mboni kimepata kazi ya maana.

Jumanne, 9 Julai

Leo nimeanika na blanketi la mtoto pale pale. Zito, limelowa, lakini mpira umelibeba.

Kistoo kinanuka. Kama kabichi iliyooza. Nimenusa pembe zote. Faudhia ana mafua, hasikii harufu yoyote, hata akichomewa kitunguu. Latifu anaondoka alfajiri kwenda kazini Dar, akirudi anakula amefumba macho. Pua ya nyumba hii ni moja, yangu.

Nikajua. Dagaa! Bi Mboni alileta mfuko wa dagaa, ukawekwa kistooni. Nimewapa paka wa jirani. Wamekula wakafurahi, hakuna aliyelalamika. Nimefunga mlango wa kistoo harufu isitoke.

Bi Mboni anakuja Alhamisi. Akikuta nyumba inanuka atasema ni mimi. Atasema wazee wana harufu yao. Kisha hiyo tiketi.

Jumatano, 10 Julai

Harufu imezidi! Dagaa walisingiziwa. Mungu anisamehe, ila paka hawalalamiki.

Nikawaza. Kitu kimeletwa na mtu mwenye kijicho, kikawekwa mahali penye giza, kinanuka bila sababu. Dawa inajulikana. Ubani. Nikawasha kuni zangu uani (zimefurahi, nilisikia zikilia tatata), nikachota makaa kwenye chetezo, ubani nimeushika mkono mwingine. Nifukize kistoo, nifukize na hita yenyewe, ikome.

Nilikuwa hatua chache kutoka kwenye mlango. Faudhia akatokea bafuni na beseni la maji aliyomwogeshea mtoto asubuhi. Mafua na yote, safari hii harufu ilimfikia. Akakiona chetezo.

Akapiga kelele, "Mama! Usisogee!"

Faudhia. Ambaye ananipa shikamoo hata nikitoka chooni. Akanimwagia beseni zima. Mimi, chetezo, ubani, kanga yangu, vyote vikalowa chapa! Makaa yakafa fushii. Akanivuta mpaka mwisho wa ua, akakimbilia ndani kumchukua mtoto, akaniwekea mikononi. Kisha akafungua mlango wa kistoo, akafunga koki ya mtungi, akaacha madirisha yote wazi. Taa hakugusa. Simu alikwenda kupigia barabarani.

Aliporudi akapiga magoti kwenye udongo, akalia. Akaniomba radhi kwa kunipigia kelele. Akasema gesi ilikuwa imejaa mle, moto ungeifuata, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Hakusema nyumba yangu. Hakusema hita yangu. Alisema mama ungeungua.

Nikamwambia ainuke, mzazi hapigi magoti kwenye ubaridi. Mjukuu nilikuwa nimemng'ang'ania, simwachii. Maji yale yalikuwa yamepoa, ndiyo maana.

Alhamisi, 11 Julai

Fundi wa gesi, Hamidu, amekuja. Kijana mpole, kanipa shikamoo ya kueleweka. Bi Mboni naye kafika na miwani yake. Tukasimama mlangoni kama tunasubiri maiti itolewe.

Hamidu alipaka povu la sabuni kwenye mpira, akafungua koki kidogo. Pale mpira unapoingia kwenye hita povu likaanza kutoka, bwabwabwa, kama mtoto anayejifunza kutema mate. Mpira umevutwa ukachomoka kidogo, akasema. Akatazama nepi. Akatazama blanketi. Akauliza nani kaanika nguo hapa.

Nikawa naangalia dari. Dari zuri.

Faudhia akasema, "Ni mimi."

Sikumsahihisha. Mzazi habishiwi, maziwa yatakauka.

Bi Mboni akamrukia. Mtoto asiye na akili, kusoma kote kule, ungetuulia watu! Faudhia kainamisha kichwa. Nilivumilia kidogo. Kidogo sana. Nikamwambia Bi Mboni amuache mtoto wangu. Huyu ana wiki mbili tu tangu ajifungue, na jana kaokoa nyumba nzima akiwa na mafua, wewe ulikuwa Sofu unafuta miwani! Bi Mboni akashangaa. Akasema huyo ni mwanawe yeye. Nikasema basi amuangalie vizuri, amekonda.

Tukamuangalia wote wawili. Kweli amekonda. Bi Mboni akavua miwani, akaenda jikoni kupika uji wa pilipili manga. Nikaonja. Uji ulikuwa na sukari nyingi.

Ijumaa, 12 Julai

Mpira mpya unaletwa kesho. Hita imezimwa. Nani ana kuni? Haya, semeni.

Nikabandika sufuria kubwa juu ya mafiga, mbali na nyumba. Nikamkalisha Faudhia kwenye kigoda, nikachovya taulo, nikamkanda kiuno, mgongo, tumbo taratibu. Mgongo wake mwembamba kama wa mtoto wa shule. Akasinzia amekaa, kichwa begani kwangu. Nilibaki vile vile mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Maji yakapoa. Nisingemuamsha kwa lolote.

Alipoamka akaniuliza kama nitakaa mpaka arobaini iishe. Nikasema nitafikiria, nina shamba. Nikaenda nyuma ya nyumba nikajifuta kamasi. Moshi wa kuni.

Jumapili, 14 Julai

Hita imerudi kazini, mtungi umehamishiwa nje. Latifu kaniketisha chini kama mwalimu. Mama, gesi na moto mbalimbali. Nimemwambia nimeelewa. Nimeelewa kwamba wana bahati ya kuwa na pua yangu.

Kwa hiyo leo nimeanza ukaguzi. Jiko la gesi la jikoni silipendi sura. Povu la Hamidu ni mchezo wa watoto, unapaka, unasubiri, unatazama. Mimi ningetumia njiti moja ya kibiriti. Unaipitisha kwenye mpira pole pole, penye kuvuja panawaka, kazi imekwisha.

Asubuhi nimeshika kibiriti, Faudhia huyo. Kaniwekea mtoto mikononi. Eti mama mshike, kwangu hatulii. Mtoto mwenyewe amelala fofofo. Nikamrudisha kitandani. Nikachukua kibiriti. Faudhia huyo tena, na mtoto. Eti analia. Halii! Mchana vile vile, jioni vile vile, na kibiriti chenyewe sasa sijui kimekwenda wapi.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine mjukuu kaushika kidole na haachii.

Sasa nimejua shida ya nyumba hii. Faudhia hawezi kabisa kulea peke yake. Arobaini haitoshi. Nitakaa mpaka mtoto aanze shule.