Kago la Nyanya za Haidari

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nyanya zimebeba! Vitunda vya ukubwa wa gololi, vimejificha chini ya majani. Nikatafuta mtu wa kumwambia. Nyumba nzima kimya. Nikamwambia mbuzi wa jirani yangu Twalibu, aliyekuwa anachungulia uani kwangu kwa nia yake mwenyewe.

Sikudhani, mke wangu, bado yuko kwao Mtawanya. Aliondoka masika, baada ya mimi kufukua tuta lake la viazi vitamu nichimbe bwawa la kambare. Kambare hawakukubali. Bwawa nikalifukia, na hapo hapo ndipo nilipopanda nyanya. Sijui mtu anataka nini zaidi.

Binti yetu Habiba amepiga simu kutoka Mbagala. Anasema mama yake atakuja Kibiti mwishoni mwa mwezi ujao, kuna arusi, na atapitia hapa kuchukua mikeka yake na ukili anaosuka. Nikauliza, halafu? Akasema hajui halafu. Mke akishahamisha ukili wake, kilichobaki ni kwenda kwa kadhi kudai talaka tu. Nimeogopa, naandika wazi.

Mpango ni huu. Aingie uani, akute nyanya nyekundu. Sikudhani kwa kachumbari hajiwezi. Atakaa, atakula, atasahau mikeka.

Jumanne, 24 Juni

Twalibu naye ana nyanya upande wa pili wa ua. Zake zimefungwa kwenye miti, na chini ametandaza nyasi kavu. Anazilea kama wajukuu.

Leo kaegemea ua na kunipa nasaha nisizoomba. Nimwagie asubuhi. Nimwagie shinani, majani yasilowe. Kila siku kiasi kile kile, si leo gharika kesho ukame. Nivunje vichipukizi vya makwapani. Na hapo palipokuwa bwawa maji yanatuama, nichimbe mfereji.

Nikamshukuru sana. Lakini mwenye nyanya nzuri ana sababu gani ya kunipa siri ya kweli? Nikafanya kinyume. Ndoo nzima, jua la saa saba, kuanzia juu. Kesho nazipumzisha.

Jumatatu, 30 Juni

Balaa. Nyanya kadhaa zimeoza kitako. Juu kijani safi, chini nyeusi tii. Miche miwili imenyauka imesimama.

Bibi shamba wa kata alikuwa anapita na pikipiki yake, nikamwita. Akatazama, akasema huu si ugonjwa wa dawa, ni maji. Leo mengi, kesho hakuna, mmea unashindwa kulisha tunda. Maneno yale yale ya Twalibu! Nikaelewa kwamba wameshakutana. Nikamwambia nimekuwa karani wa ghala la korosho miaka mingi na mambo ya kitaalamu nayajua. Akaniaga kwa adabu.

Hili ni jicho la mtu. Na aliyeziona nyanya zangu ni nani? Twalibu. Na watoto wa mtaani. Na mbuzi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefunga kago.

Wazee wetu walilinda mashamba kwa kago. Mwenye nia mbaya akikanyaga ndani, anazunguka humo humo mpaka mwenye shamba aje amtoe. Kwenda kwa fundi wa kweli ni safari na masharti, nikatengeneza langu. Kifuu cha nazi, kitambaa chekundu, majivu, na mzizi. Mzizi ni wa mpapai, lakini nani atauliza? Nikalitundika langoni mchana kweupe, watu wakitoka msikitini, huku nikinong'ona. Nilikuwa nanong'ona majina ya makarani wenzangu wa zamani.

Twalibu akaja mpaka usawa wa lango, akauliza kama ni la kweli. Nikatazama chini, nikanyamaza kama mtu mwenye siri nzito. Akarudi nyuma hatua nzima. Raha iliyoje!

Ijumaa, 18 Julai

Kago linafanya kazi kupita kiasi.

Watoto hawaji. Mbuzi kafungwa kamba. Muuza vitumbua, aliyekuwa akipiga hodi kila asubuhi, sasa anapita ng'ambo ya barabara akitazama mbele. Mwajabu, mke wa Twalibu, tangu Sikudhani aondoke alikuwa akiniletea sahani ya wali kila Ijumaa. Hii ni Ijumaa ya pili sahani haijaja. Leo nilikaa karibu na lango nikikohoa, wajue nipo. Nikapika ugali, nikala na chumvi.

Sina wa kuzungumza naye. Kwa hiyo asubuhi, nikiamka tu, naenda kuzungumza na nyanya, na kwa kuwa nipo pale nazimwagia taratibu, shinani, huku nikiziambia habari. Kantangaze nao waliingia, wale viwavi wanaochorachora majani. Kago hawakulijali. Nimewaokota mmoja mmoja na majani yao, nikayachoma. Vichipukizi navyo nimevivunja, mikono ilikosa kazi. Hata mfereji nimeuchimba, jioni zimekuwa ndefu.

Ajabu, matunda mapya hayaozi. Yameanza kupiga wekundu. Kago bwana!

Jumamosi, 26 Julai

Sikudhani amekuja.

Nilikuwa nimefagia uwanja tangu alfajiri. Nyanya nyekundu zimening'inia. Kitunguu nimeshakikata, macho yananitoka machozi. Nikasikia hodi. Nikatoka, naye kasimama nje ya lango na begi, kavaa kanga mpya, anakitazama kifuu.

Akauliza, baba Habiba, hii nini?

Hapo ndipo Twalibu alipotokeza kichwa juu ya ua. Nikisema ni mzizi wa mpapai, Kibiti yote itajua kabla ya Adhuhuri, na kesho watanicheka mpaka kwenye kahawa. Nikasema ni kago, la fundi mkubwa wa Ngarambe. Nikamkonyeza Sikudhani. Akauliza jicho lina nini.

Akataka kujua linamkamata nani. Nikasema mwenye nia mbaya. Akafikiri. Akasema yeye ameondoka hapa kwa hasira, amekaa huko miezi na hasira yake, na njiani nayo alikuwa nayo kidogo. Hajui kago litamhesabu vipi. Hawezi kuingia. Kama ningependa aingie, nilifungue.

Twalibu bado yupo. Nikasema fundi amekataza.

Akaniomba nimtolee mikeka na ukili. Nikatoa. Nikamtolea na bakuli la nyanya, akasema vitu vilivyokagwa yeye hali. Akaweka mikeka begani, begi mkononi, akaenda.

Kachumbari nimekula peke yangu. Ilikuwa tamu, na nimechukia kwamba ilikuwa tamu.

Jumapili, 27 Julai

Habiba amepiga simu, analia na kufoka kwa pamoja. Begi lile lilikuwa na nguo zote za mama yake. Mikeka ilikuwa kisingizio tu. Alikuja kurudi.

Nimekaa chini, palepale ukumbini. Nimelia kama mtoto.

Habiba anasema nipande pikipiki sasa hivi, Mtawanya si mbali, nimwambie mama ukweli kuhusu mpapai. Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Nikisema ukweli, Twalibu atajua, na aibu ile itakuwa yangu mpaka kaburini. Tena kosa haliko kwenye kago. Kago limefanya kazi yake barabara. Kosa ni kwamba la kuzuia lipo, la kuvuta halipo.

Nimepata kifuu kikubwa zaidi. Safari hii kitambaa cheupe, na mzizi wa mpera, una harufu nzuri. Kago la kuita mke. Nimelitundika langoni, sambamba na lile jekundu, ambalo nimeliacha kwa ajili ya nyanya.

Nimeketi barazani, nasubiri.