Mashati Manne ya Mnara wa Mambrui

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mwezi wa saba tangu nitoke Tharaka. Niliahidiwa kazi ya intaneti. Nikadhani ni kukaa kwenye kiti. Kumbe intaneti inakaa juu ya minara, na wa kuifuata huko ni mimi.

Bi Saleha, mwenye kampuni, ametoa amri mpya. Kila Jumatatu tupande, tukague boliti ya juu, tumtumie picha: uso, mkanda, boliti. Atakayeonekana mwangalifu zaidi atakwenda nyumbani Desemba. Likizo ni ya mtu mmoja. Tuko wawili, mimi na Mutuku. Mutuku hupanda huku akipiga mluzi. Simpendi.

Mnara wangu ni wa Mambrui, karibu na bahari. Pembeni ya ngazi kuna waya wa chuma kutoka juu hadi chini. Mpandaji anabana mkanda wake kwenye waya huo. Akiteleza, waya unamdaka. Waya wenyewe umeshikwa na boliti moja huko juu, na chumvi ya bahari inakula boliti kama mchwa anavyokula mlango. Ndiyo sababu ya picha.

Niliacha shule darasa la saba, lakini akili sikuiacha huko. Leo nimepanda na shati moja mwilini na matatu mfukoni. Picha za mwezi mzima kwa safari moja! Tatizo ni kwamba shati halibadilishwi bila kuvua mkanda. Nikavua. Upepo ukavuma. Nilikumbatia chuma kwa miguu, kichwa kimekwama ndani ya shati la bluu, sioni kitu, na chini yangu minazi imekuwa midogo kama sukuma wiki. Niliwataja watakatifu wote, hata wa madhehebu mengine. Kisha nikavaa mkanda, nikatabasamu, nikapiga picha ya usalama. Mara nne.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimelala chumbani kwangu Muyeye mpaka watoto wa jirani wakaenda shule. Nikatuma shati la bluu. Bi Saleha akajibu kwamba mashallah, Mwenda anatabasamu hata huko juu. Mutuku alituma picha ya pua na jasho. Akaambiwa arudi akapige nyingine. Nikachemsha chai ya pili.

Kasoro ndogo. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na picha yangu ina jua kali. Jioni ofisini nimesema Mambrui hakukunyesha. Mutuku, aliyerudi kutoka mnara wa Kakuyuni amelowa chapachapa, aliniangalia juu mpaka chini. Wivu.

Jumatatu, 17 Novemba

Shati la mistari. Nimesifiwa mbele ya ofisi nzima. Nimempigia Charity, nikamwambia mumewe anarudi Desemba. Akauliza kama nina hakika. Wanawake hawana imani.

Jambo moja tu. Siku ile ya mashati manne, boliti ilikuwa na kutu shingoni. Kidogo. Niliipiga picha upande wake mzuri.

Jumatano, 19 Novemba



Jana upepo uligeuza dishi la intaneti juu ya mnara wa Mambrui. Zahanati ya huko haina mtandao. Leo asubuhi nikaona mawingu, nikasema nina homa, nikakohoa. Bi Saleha akanihurumia. Akamwambia Mutuku aende badala yangu, asiogope waya, Mwenda ameikagua boliti juzi tu. Akamwonyesha shati la mistari.

Kikohozi kikaisha palepale. Nikamfuata Mutuku mlangoni, nikamwambia nimepona, aniachie mnara wangu. Akacheka. Akasema anajua ninachotaka: kutengeneza dishi mimi, nipate likizo mimi. Akawasha pikipiki ya kampuni, akaenda.

Nilikodi bodaboda. Njia nzima namwambia dereva aongeze mwendo. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema bado.

Nilimkuta Mutuku amepita nusu ya ngazi, mluzi unasikika mpaka barabarani. Kila akikanyaga, waya unacheza. Nilimwita ashuke, waya si mzima.

"Asubuhi mgonjwa, sasa fundi?" alinijibu kutoka juu. "Likizo itakutia wazimu, Mwenda!"

Akapanda tena. Akapanda tena. Nikaona hakuna njia.

"Picha ni za zamani! Nilizipiga zote siku moja!"

Mluzi ukakatika. Kisha akatoa ndoano mbili za mkanda wake, akazibana kwenye chuma cha mnara chenyewe, akajitoa kwenye waya. Akaushika kwa mkono mmoja, akauvuta.

Boliti ikakatika. Waya ukaanguka wote, ukijipindapinda, ukakata mpapai wa jirani katikati.

Alishuka ndoano kwa ndoano. Akaketi mchangani. Nikampa maji, hakuyapokea.

"Mashati ulibadilishia wapi?"

Nikamwambia huko huko juu.

"Ukavua mkanda?"

Nikasema nilivua. Akafunika uso. Nilidhani analia.

"Na mimi wiki zote hizi," alisema, "naogopa utanishinda akili."

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeitwa ofisini. Nilidhani nitatukanwa. Afadhali ningetukanwa.

"Mwanangu," alisema Bi Saleha, "mama yake Mutuku ningempigia simu nimwambie nini? Kwamba shati lilikuwa zuri?"

Likizo amepewa Mutuku. Mimi nabaki mpaka Pasaka, na kila Jumatatu Bi Saleha atakuja mwenyewe Mambrui na gari, anitazame nimefungwa vizuri huko juu, spana kwenye boliti mpya, mpaka aridhike.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekwenda kanisani. Nimetubu kwa moyo wote. Mahubiri yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiri.

Bi Saleha ana magoti mabaya, hashuki garini. Kutoka getini, mtu wa juu ya mnara ni helmeti, ovaroli na mkanda tu. Uso hauonekani. Ovaroli kuukuu ninayo. Makumbi ya nazi yametupwa kila mahali hapa Muyeye. Nitaijaza, nitaishona shingo, nitaivika helmeti, nitaipandisha mara moja tu na kuifunga pale juu, spana mkononi. Akae huyo mtu wa makumbi huko kila Jumatatu.

Mkanda itabidi nimwachie yeye. Bila mkanda Bi Saleha atajua. Mimi nitashuka hivihivi, polepole, nikishika vizuri.

Nimemwambia Charity nakuja Pasaka.