Picha ya Mtu Aliyejitambua

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ameondoka. Yuko kwa kaka yake, mtaa wa pili, na sufuria kubwa ameichukua. Chanzo ni sherehe ya mama mkwe, ambako niliwaambia wageni kuwa mimi ni daktari wa macho. Nani angejua mjomba wa mke wangu angeomba apimwe papo hapo? Nilimpima. Nikamshauri aachane na miwani. Akaachana nayo, akashuka ngazi. Sasa anatembelea magongo.

Mke wangu alisema ameishi na mkandarasi, ameishi na mshauri wa benki, sasa na daktari, na hakuna hata mmoja anayemjua. Atarudi siku nitakapoweza kumwambia mimi ni nani. Nikajibu haraka kwamba mimi ni mpiga picha za pasipoti. Akasema hiyo ni kazi. Akafunga zipu ya begi.

Nimekula kiporo nikiwa nimesimama. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumanne, 4 Juni

Dawa imepatikana! Juu ya duka la dobi, jirani na langu, kuna darasa la kutafakari. Mwalimu ni mkunga mstaafu, wote wanamwita Bi Mkunga. Unakaa kwenye mkeka, unafumba macho, unajiuliza, Mimi ni nani? Kila jibu likija, unaliacha lipite. Anasema amepokea watoto wengi kwa mikono yake na hajaona aliyezaliwa na cheo.

Nilijibu upesi, tena kwa sauti. Mpiga picha! Akasema niache. Mume! Niache. Mtu mwenye kipaji! Alinitazama kidogo, akasema hilo ndilo nianze nalo kuliacha.

Na mkeka wa mbele kakaa nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, fundi bomba, mtu ambaye hajawahi kuwaza zaidi ya koki. Kakaa kama gunia la mchanga, uso umetulia. Bi Mkunga akasema tumwangalie huyo, anaanza kufika. Mimi nilimsikia akikoroma.

Roho imeniuma. Jumamosi kila mwanafunzi atasimama mbele ya jamaa zake aseme alichokiona ndani yake. Mke wangu atakuja, kwa ajili ya kaka yake. Kwa hiyo lazima niwe nimejitambua kabla ya Jumamosi, na lazima nimzidi shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Nimejitafuta tangu juzi. Sipo.

Leo asubuhi niliyaacha majibu yote kama tulivyofundishwa, nikangoja kuona kitakachobaki. Hakikubaki kitu. Ilikuwa kama kufungua kabati la nguo na kukuta hanga tupu. Niliogopa sana. Nikawasha redio.

Nilimweleza Bi Mkunga. Akafurahi! Akasema nikae hapo hapo, nisikimbie, nisijipambe, maana mficha uchi hazai. Akaniagiza kesho nifunge duka, nizime simu, ninyamaze kutwa nzima.

Rahisi kwake kusema. Jumamosi nitamwambia nini mke wangu? Kwamba niliingia ndani nikakuta hamna mtu? Hilo analijua tayari.

Ndipo akili yangu ikaamka. Kama siwezi kujitambua, angalau naweza kufanana na aliyejitambua! Nikajipiga picha: macho nimeyafumba, mikono kifuani, uso nimeulainisha kwenye kompyuta mpaka makunyanzi yakaisha. Nikaichapa kubwa, nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi ni mambo ya dunia. Fremu iliyokuwapo ni ile nyeusi ninayowaazima wafiwa. Nikaitundika dirishani mwa duka, pembeni chombo cha maua meupe. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: AMEPATA AMANI.

Mke wangu hupita hapo akienda kazini. Ataona mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Nilitii. Duka nilifunga, simu nikazima, nikakaa nyuma ya pazia la studio lenye picha ya maporomoko ya maji.

Asubuhi watu wakaanza kukusanyika dirishani. Nikajua picha imekubalika. Wengine walikuwa wanalia! Sikutegemea kazi yangu ingewagusa kiasi hicho. Dobi akasikika akisema juzi tu nilimsalimia. Mwingine akauliza kama niliugua. Shemeji akasema, sauti ikimkatika, kwamba nilikuwa mwongo, lakini mwongo asiye na choyo.

Hamadi! Walikuwa wameshanizika.

Nilitaka kutoka. Wallahi nilitaka. Lakini ufunguo ukazunguka mlangoni, na mwenye ufunguo wa pili ni mmoja tu.

Mke wangu aliketi kwenye kiti cha wateja. Alilia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia. Aliipakata picha, akaanza kuzungumza nayo. Akasema nilikuwa mwoga, na vyeo vyote vile nilijivika kwa kuogopa kuonekana mdogo. Akasema alijua siku zote. Akasema kila asubuhi nilitangulia kuamka nimchemshie maji ya kuoga, na hilo peke yake sikuwahi kuwatangazia watu, na huyo ndiye mume aliyeolewa naye. Akasema begi lake lilikuwa limeshafungwa. Angerudi Jumamosi, niseme nisiseme.

Nami nilikuwa nalia, ngumi mdomoni. Nilikuwa nimejitafuta wiki nzima, kumbe yupo mtu aliyenijua. Kilichobaki ni kutoka tu na kumshika mkono.

Ila aliponyamaza niliona kama hajamaliza. Nikajikuta nauliza, kwa sauti ya chini, kama nilikuwa pia mtanashati.

Yowe alilopiga lilimtoa dobi dukani kwake. Pazia likang'oka pamoja na chuma chake. Mke wangu alinigusa shavu, akanifinya mkono ahakikishe kuna uhai, akacheka mara moja huku machozi yakimtoka. Halafu akauliza nani aliyeandika yale maneno chini ya picha. Nikasema ni wateja.

Akasema kwa kitambo kile nilipokuwa maiti alijua ameishi na nani. Sasa hajui tena. Akaweka ufunguo wake mezani, akatoka.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji alisimama akasema ndani yake hakuona chochote, alilala tu, na ameamka na furaha. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mke wangu alimkumbatia.

Zamu yangu ilipofika, mke wangu alinyanyuka akaenda zake. Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na la kusema. Bi Mkunga akasema kwa upole kwamba hapo ndipo penyewe. Sikuona penyewe. Niliona kiti kitupu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshinda kitandani, upande wake. Sina hamu ya chakula, sina hamu ya duka. Mtu akiniuliza leo mimi ni nani, nitamwambia mimi ni mjinga, na sitaliacha jibu hilo lipite.

Lakini nimejichunguza kwa unyofu, nikaona nilipokosea. Kufa kulizidi kipimo! Hakuna anayerudi kwa maiti, na maiti akiuliza maswali anakera. Mgonjwa je? Mgonjwa huuguzwa nyumbani kwake, na akisifiwa hana haja ya kujificha. Nimeanza kukohoa tangu mchana, dirisha nimeliacha wazi. Dobi alipita akauliza kulikoni. Nimemsihi asimwambie mke wangu kabisa, kwa hiyo kufika jioni atakuwa amemwambia.