Dawa Iliyofanya Kazi Ramadhani

Jumatano, 26 Septemba 1973
Macho manjano tena. Seleman, dresa wa zahanati, kanibonyeza ubavuni, kasema ini limevimba, niache tembo. Yale yale! Miaka mitatu dawa yake hiyo moja. Mke wangu Sihaba kaapa: akisikia harufu ya tembo kinywani mwangu mara moja tu, anarudi kwao Kiwangwa. Na Sihaba hatanii.

Lakini kuna bwana kutoka Dar, anachuma majani ya dawa huku Dunda. Kasema huenda manjano na mlonge vikalinda ini la mnywaji. Hiyo "huenda" sikuijali. Mtu akishapata kinga, aache tembo kwa nini?

Alhamisi, 27 Septemba
Mwezi umeandama. Nimechemsha sufuria nzima ya manjano na mlonge. Sihaba kafoka: sufuria yake ya futari imekuwa njano! Mgonjwa wa pili ni Rehani, mwenzangu wa kilabuni, tumbo limemtangulia. Kikombe baada ya futari, kikombe baada ya daku. Chungu, astaghfirullah!

Jumatatu, 15 Oktoba
Makubwa! Macho meupe pe. Tumbo la Rehani limenywea. Nimepita zahanati mara tatu ili Seleman anione. Kaniuliza kama nimeonja tembo mwezi huu. Nimemjibu kwa hasira, Ramadhani hii? Ananionaje? Kacheka. Kijicho tu!

Jumamosi, 27 Oktoba
Idi! Dawa imethibitika. Kikombe kimoja cha dawa, kata saba za tembo. Rehani kanywa tisa, kanibusu mkono.

Alhamisi, 1 Novemba
Macho manjano. Rehani kalazwa. Tangu Idi natafuna karafuu, lakini leo Sihaba kanusa, kafunga kanga zake, kapanda basi la Kiwangwa. Kaniachia ile sufuria. Nimelia, wallahi. Nyumba haikaliki bila yeye.

Ijumaa, 2 Novemba
Seleman kadai kilichotuponya ni kukaa mwezi mzima bila tembo. Upuuzi mtupu! Nimekaa, nimefikiri. Majani yale yale, sufuria ile ile. Kilichopungua nini? Daku! Tangu Idi hatuli daku, dawa itashikaje?

Kesho naamka kabla ya alfajiri, nakula daku, nakunywa dawa, kisha kilabuni. Nimemtumia Sihaba salamu kwamba kosa nimeshaligundua, arudi haraka. Tena aje na manjano, ya hapa yamekwisha.